Anacheza na nani?

Majira ya baridi, Toronto iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane. Ikiwa saa nne asubuhi ya Jumamosi hapa Don Mills, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo inawafaa watoto wa pande zote mbili: wa huku wameamka na hawana shule, wa kule wamemaliza kazi walizotumwa mchana na bado hawajaitwa kula. Ndiyo maana mzazi aliyerudi alfajiri kutoka shifti ya usiku anashtuliwa usingizini na kelele za chumba cha pili: "Nyuma yako! Nyuma yako! Kimbia!" Anagonga ukuta, anaambiwa samahani, kelele zinapungua kwa dakika tatu, kisha zinarudi.

Wengi wetu huishia hapo. Tunauliza mtoto amecheza saa ngapi, tunatishia kuchomoa waya, tunalalamika kwa dada aliyeko Mwanza kwamba watoto wa huku wameharibika. Swali ambalo ni nadra kuliuliza ni anacheza na nani. Katika familia iliyohama kwao, jibu linaweza kuwa binamu, rafiki aliyeachwa darasa la tatu, mtu asiyemjua hata kwa sura, au hakuna mtu kabisa. Majibu hayo manne yana uzito tofauti, na saa haziwezi kukuambia ni lipi.

Mtaa uliopangwa kwa ajili ya watoto

Don Mills ilianza kupangwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwenye mradi alikuwa tajiri E. P. Taylor, na aliyeuchora, Macklin Hancock, hakuwa hata na miaka thelathini. Waliugawa mji mara nne, kila sehemu na shule yake ya msingi, njia za miguu na viwanja vya majani, ili mtoto aende shule na kurudi bila kupambana na magari. Baadaye, kusini yake, yakapanda maghorofa marefu ya Flemingdon Park na Thorncliffe Park.

Sisi tumefika humo kwa mafungu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, Kanada ilipokea maelfu yao, wengi wakiwa Waismaili, na sehemu hizi zikawa makazi ya wengi. Ndugu zao wa Tanzania na Kenya nao wakaja. Jengo lao la Ismaili Centre lililofunguliwa mwaka 2014 liko Wynford Drive, hatua chache kutoka Don Mills Road, na hadi leo unaweza kusimama kwenye foleni ya duka ukamsikia bibi anayeongea Kikutchi akichomeka "haraka haraka" katikati. Kisha wakaja Wasomali, Wakongo, Wakenya, na wanafunzi wa kutoka kila upande.

Lakini mpango wa mwaka 1953 haukumfikiria mtoto aliyekulia Tabata au Eastleigh akaletwa ghorofa ya kumi na nne mwezi Januari. Kule alitoka mlangoni na watoto wenzake walikuwepo tayari. Huku jua linazama mapema, nje ni barafu, na kumtembelea rafiki kunahitaji wazazi wawili kuandikiana ujumbe kwanza. Mahali pa kwenda pia pamepungua. Ontario Science Centre, iliyokuwa Don Mills Road tangu 1969 na ambayo watoto wa Flemingdon waliiona kama ua wa nyumba yao, ilifungwa ghafla Juni 2024. Wanaokumbuka mwaka 2013 watakumbuka kwamba humo ndani yaliwahi kufanyika maonyesho makubwa ya historia ya gemu, Game On 2.0, ambapo baba na mwana walisimama pamoja mbele ya mashine moja. Sasa mashine iko chumbani na mlango umefungwa.

Kibanda cha gemu na chumba cha kulala

Gemu si kitu kigeni kwetu. Mtu aliyekulia mjini Afrika Mashariki katika miaka 25 iliyopita anakijua kibanda cha gemu: televisheni moja, pedi mbili, benchi moja, na vijana kumi wamesimama nyuma. Unalipia mechi. Aliyefungwa anainuka. Wanaocheza ni wawili, wanaofundisha, wanaokejeli na wanaotabiri ni wanane. Ni baraza la bao lenye umeme, na hata keram na dhumna zilikuwa hivyo: mchezo ulikuwa sababu ya kukaa pamoja. (Na kwa taarifa ya wanaodhani Kanada haina mchango katika soka: gemu ya mpira inayogombewa kwenye vibanda hivyo, iliyoitwa FIFA hadi jina lilipobadilishwa mwaka 2023, kwa sehemu kubwa inatengenezwa Burnaby, British Columbia.)

Ukichukua mashine ileile, ukaondoa benchi na wale wanane, ukaiweka chumbani, umebaki na nusu ya kitu. Watoto wetu wanajaribu kuirudisha ile nusu nyingine kwa hedifoni na mtandao. Wakati mwingine wanafanikiwa kuliko tunavyojua.

Mama mmoja wa Tanga anayekaa Flemingdon alinisimulia kuhusu mwanawe wa miaka 11. Kwa miaka mitatu alimsemesha Kiswahili akajibiwa Kiingereza. Alijaribu vitabu, alijaribu katuni, alijaribu kumkasirikia. Halafu binamu wa Tanga akapata simu yenye Minecraft, wakaanza kujenga kijiji pamoja kila Jumamosi. Binamu hana subira ya Kiingereza. Baada ya miezi miwili hivi mama akasikia kutoka chumbani: "Kaka, rudi nyuma, wanakuja, nipe panga!" Alisimama koridoni akacheka mpaka akakaa chini. Akaongeza kwamba kijana alijifunza na matusi mawili ambayo hata yeye alikuwa ameyasahau.

Sishangai kwamba kitabu kilishindwa na gemu ikaweza. Lugha ya gemu ni ya haraka na ina matokeo: usiposema "kushoto" kwa wakati, mwenzako anakufa. Hakuna anayesahihisha ngeli. Na zaidi ya lugha, mtoto huyo sasa ana binamu wa kweli, mtu wa kugombana na kupatana naye, badala ya sura inayosukumwa mbele ya simu siku ya Idi ili iseme "shikamoo" na kukimbia.

Tafiti zinasema nini

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2022 utafiti wa wachezaji karibu 39,000 wa gemu saba tofauti. Hawakuwauliza wamecheza muda gani, maana hapo kila mtu hudanganya. Kampuni zenyewe zilitoa kumbukumbu za muda halisi. Waliwafuatilia kwa wiki sita. Muda wa kucheza ulionekana kuwa na athari ndogo sana, au haukuwa nayo kabisa, kwa hali ya moyo ya mchezaji. Kilichohusiana na hali hiyo ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda alikuwa na nafuu kuliko anayejihisi amelazimika. Haukuwa utafiti wa watoto wadogo, basi usiutumie kumwachia mtoto wa miaka saba usiku kucha. Ila unatuambia kwamba kuhesabu saa peke yake hakutupi habari tunayoitaka.

Shirika la Afya Duniani nalo limeutambua ugonjwa wa kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Wengi wamesikia nusu hiyo ya habari tu. Vigezo ni vikali: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya kila kitu maishani, anaendelea ingawa inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo imedumu angalau miezi 12. Kijana anayenuna ukimwambia azime hajafika huko. Kijana aliyeacha kula mezani, kulala na kwenda shule kwa mwaka mzima anahitaji daktari, na kumnyang'anya mashine hakutatosha.

Wanafunzi na upweke wa chumba cha chini

Wanafunzi mnaosoma hapa, hasa mnaozunguka kampasi ya Seneca ya Newnham, juu kidogo ya Don Mills Road, hili linawahusu kuliko mnavyokiri. Chumba cha kupanga chini ya nyumba ya mtu, kazi za saa chache, ada kubwa, na simu za nyumbani ambazo kila moja inaishia kwenye swali la fedha. Mechi na rafiki wa Mbeya usiku wa Ijumaa haina swali hilo. Mnagombana kuhusu penalti, na katikati ya mechi, macho yakiwa kwenye kioo, mtu anasema, "Mzee wangu amelazwa, lakini anaendelea vizuri." Wanaume wa kwetu hasa husema mambo mazito wakiwa wanatazama kitu kingine. Bao lilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Nchini Norway kijana Mats Steen alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, kwa ugonjwa wa kudhoofika misuli. Miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye kiti cha magurudumu akicheza World of Warcraft. Wazazi walimhurumia: kijana hana marafiki, hana mapenzi, maisha yake yamepita. Alipokufa walitangaza msiba kwenye blogu yake, na barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Ndani ya gemu alijulikana kama Ibelin, na watu walieleza jinsi alivyowasikiliza wakiwa na huzuni, alivyowapatanisha na watoto wao. Baadhi yao walisafiri kuja kumzika. Filamu kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2024, na ningependa wazazi waitazame pamoja na vijana wao. Kinachouma ni kwamba baba na mama walikuwa nyumba moja naye miaka yote hiyo.

Huku kwetu yupo Lual Mayen, aliyezaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini na kukulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu kupata dola 300 za kompyuta. Alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifunza kutengeneza gemu, akatengeneza Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia na kutafuta maji, chakula na amani, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za The Game Awards huko Marekani. Mama huyo alishona nguo ili kijana apate mashine, bila kujua itakuwa ya nini.

Kukaa benchi

Mtoto wa mhamiaji amezoea kuwa mkalimani. Anawasomea wazazi barua ya mwenye nyumba, anapiga simu benki, anaeleza mambo ya shule. Ni mzigo, hata kama anaubeba kimya. Ukikaa kitandani kwake ukamwambia "nifundishe", anabaki kuwa mwalimu wako, safari hii kwa kicheko, kwa sababu utatumbukia shimoni mara tano mfululizo na hakuna bili inayosubiri. Nusu saa inatosha. Utajua sauti za wenzake, na utajua kama kuna mtu mzima asiyejulikana humo, jambo ambalo hakuna mpangilio wa simu utakaokuonyesha vizuri zaidi.

Kwa wanaotaka kuunganisha watoto na ndugu wa nyumbani: mpira wa moja kwa moja kati ya Toronto na Dar unasumbua. Mawimbi yanasafiri zaidi ya kilomita 12,000, na wa kule anapobonyeza kupiga, mpira umeshanyang'anywa. Gemu za kujenga, chesi au ludo ya simu hazidai haraka hiyo. Kwa Minecraft, toleo la simu linakutana na la mashine za sebuleni, lakini lile liitwalo Java la kompyuta halikutani nalo, na familia kadhaa zimenunua kimakosa. Kumbukeni pia bando. Kupakua gemu kubwa kunaweza kumaliza bando la mwezi la shangazi, basi atumiwe la kwake kabla hajaombwa. Kadi ya benki isihifadhiwe ndani ya gemu ya mtoto. Sarafu za kununua humo zimewatoa wazazi machozi. Na zile herufi za kwenye boksi zina maana: E ni ya wote, T ni kuanzia miaka 13, M ni kuanzia 17.

Si lazima ununue. Maktaba ya Umma ya Toronto huazimisha gemu bure kama inavyoazimisha vitabu, na kadi haina malipo kwa mkazi wa mji. Tawi la Don Mills liko Lawrence Avenue East, na Flemingdon Park wana lao. Nenda naye, mwache achague yake, nawe utafute moja ya watu wawili.