Utangulizi: Sayari Zinaanzia Lyamba lya Mfipa

Karibu, msomaji wa Sumbawanga, kwenye sayansi ya sayari. Usihangaike na darubini kwanza. Tangu vyombo vianze kuzizunguka sayari nyingine na kutua juu yake, sehemu kubwa ya kazi hii imeangukia kwa watu wa mawe, na kwa mawe wewe uko nyumbani.

Mji wenu uko juu kiasi cha mita 1,800. Teremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze, utakuwa umeshuka karibu mita 1,000 kuingia bonde la Ziwa Rukwa. Juu uwandani kwenyewe unapita ufa wa Kanda: ngazi ya ardhi iliyoota nyasi, ndefu kupita kilomita 100, ng'ombe wanaipanda na kuishuka bila habari. Tarehe 13 Desemba 1910 ukanda huu ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Na mabonde ya namna hii hayako Duniani peke yake: chombo cha angani Magellan kilipoipiga Zuhura rada kati ya 1990 na 1992, kilionyesha mabonde marefu, na mojawapo, Devana Chasma, wataalamu hulilinganisha na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Hawana namna nyingine: ukingo wa Devana hajaukanyaga mtu, wa Rukwa unalimwa mahindi.

Ukitaka kugusa kitu cha angani, nenda Mbozi, mkoa jirani wa Songwe. Kimondo cha hapo, kilichotambuliwa na mpimaji ardhi mwaka 1930, kina urefu wa mita 3 hivi. Asilimia 90 hivi ni chuma, na inayobaki kwa sehemu kubwa ni nikeli. Chunguza upande uliokatwa sampuli: msumeno uliteseka.

Sasa tuje kwenye kifaa kingine cha kazi hii, kamera, ambayo wazee wa fani huiona mchezo. Mimi sikubaliani nao. Rusha droni juu ya ufa wa Kanda, piga picha zinazopandana, na kompyuta itakujengea umbo la ardhi la kupimwa. Video ya droni ileile unaweza kuihariri ikawa filamu ambayo bibi yako ataielewa. Kuifikisha sayansi kwa watu nako ni kazi: nchini Kenya, Susan Murabana, aliyeanza na uchumi kabla ya falaki, alianzisha na mumewe Travelling Telescope mwaka 2014, wakapeleka darubini kwa wanafunzi. Kwao ndoa na kazi vinapanda gari moja.

Si kila nyumba ina bahati hiyo. Safari za uwandani huangukia kiangazi, wiki kadhaa mfululizo, na mtoto hasubiri data. Vitabu vya utangulizi huliruka jambo hili, kana kwamba watafiti hawana watoto. Zungumzeni mapema nyumbani nani atabaki na nani, na ratiba ya safari ipangwe baada ya mazungumzo hayo.

Kwa aliye kidato cha nne: chagua PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati), kisha jiolojia au fizikia chuo kikuu. Hisabati usiikimbie. Uhariri wa video utajifunza kwa simu, jioni, bila kuomba ruhusa ya mtu.