Vibao Mgongoni mwa Bawa: Kweli au Si Kweli?

"Vibao vikiinuka juu ya bawa ndege ikiwa angani, kuna kitu kimeharibika."

Si kweli. Hizo ni spoila, na aliyeziinua ni rubani. Hewa inayopita kwa utulivu mgongoni mwa bawa ndiyo inayosaidia kuibeba ndege. Spoila ikisimama, hewa hubanduka na kuvurugika. Nguvu ya kuinua hupungua, upinzani huongezeka, na ndege hushuka bila kukimbia kupita kiasi. Mtetemo unaousikia kitini ni hewa hiyo iliyovurugwa. Haupendezi, basi.

"Spoila na flapu ni kitu kimoja."

Si kweli. Flapu hushuka nyuma ya bawa ili liinue zaidi ndege ikienda polepole. Spoila hufanya kinyume.

"Ndege hulala upande kwa aileroni peke yake."

Inategemea ndege. Cessna 172 ndivyo ilivyo. Lakini aileroni, kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, ina kasoro yake: ile inayoshuka ili kunyanyua bawa moja huongeza pia upinzani upande huohuo, kwa hiyo pua huvutwa kwenda kusikotakiwa. Spoila haina tabia hiyo. Huinuliwa kwenye bawa linalotakiwa kushuka, ikalishusha na kulirudisha nyuma kwa pamoja, na pua ikafuata kona. Katika Boeing 737, rubani akizungusha usukani kidogo aileroni hutosha. Akipita takriban digrii 10, spoila za upande unaoshuka huanza kuinuka.

Kwenye mabawa marefu shida ni kubwa zaidi. Kwa kasi kubwa, aileroni iliyo karibu na ncha inaweza kulipinda bawa lenyewe, hata ndege ikalalia upande usiokusudiwa. Ndiyo maana Boeing 747 hufunga aileroni zake za nje inapokwenda kasi, kazi ikabaki kwa za ndani na spoila. Wahandisi wa ndege ya kudondosha mabomu ya B-52 walikwenda mbali zaidi: katika toleo la G waliziondoa aileroni kabisa, na B-52H zinazoruka hadi leo hulala upande kwa spoila tu. Kwangu mimi hicho ndicho kisa kizuri kuliko vyote hapa: ndege nzito kiasi hicho inaongozwa kwa kuharibu kidogo kazi ya bawa lake.

"Hayo ni mambo ya ndege kubwa."

Si kweli. Cessna Caravan, inayojulikana vizuri na wasafiri wa Zanzibar na Serengeti, ina spoila ndogo za kuzisaidia aileroni. ATR 72 nayo ina moja kila bawa.

"Ndege ikitua, spoila huisimamisha kwa kukinga upepo."

Kweli kidogo. Kazi yake kuu ni kulinyima bawa nguvu ya kuinua, ili uzito wote ukae kwenye magurudumu na breki zishike. Juni 1999 huko Little Rock, Marekani, ndege ya MD-82 ya American Airlines ilitua katika dhoruba, spoila zikiwa hazikutegwa (yaani kuandaliwa ziinuke zenyewe) wala hazikuinuka. Ilipitiliza mwisho wa njia ya kutua, na watu 11 walikufa.

"Basi zikiinuka wakati wowote, haidhuru."

Hapana, hapana kabisa. Julai 1970, DC-8 ya Air Canada ilikuwa takriban futi 60 juu ya njia ya kutua ya Toronto pale rubani msaidizi alipozifungua badala ya kuzitega. Ndege iligonga chini kwa kishindo, ikapaa tena, kisha ikalipuka. Wote 109 walikufa. Desemba 1995, marubani wa Boeing 757 iliyokuwa ikielekea Cali, Colombia, walionywa na mitambo kwamba ardhi iko karibu, wakaongeza nguvu zote za injini, lakini spoila walizozifungua wakati wa kushuka zilibaki zimesimama. Watu 159 walikufa. Katika Airbus A320, rubani akisukuma nguvu za injini hadi kiwango cha kupaa, kompyuta yenyewe huzilaza spoila.