Kofia ngumu inayookoa kwa ulaini wake

Ukishuka kwenye gari pale Holili, upande wa Tanzania wa mpaka na Kenya, kabla hujakifikia kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa 2016, bodaboda wameshakuzunguka: Taveta, bosi? Himo, mama? Kofia ngumu zipo, ila nyingi zimening'inia kwenye usukani au kiwikoni. Ukipewa ya abiria, igeuze kwanza uangalie ndani.

Jina lenyewe limetudanganya. Ganda gumu la nje huzuia vyenye ncha na kuutawanya mshindo. Kinachokiokoa kichwa hasa ni povu jeupe la ndani, ndugu wa lile linalofungiwa televisheni mpya. Parachichi likidondoka kwenye sementi hupasuka. Likidondokea majani makavu ya mgomba, unaliokota zima. Kimo ni kilekile, kasi ileile. Majani yamelipa nafasi ya kusimama taratibu.

Tupige hesabu. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi imepima kofia za pikipiki kwa kuzigongesha kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 3. Povu likibonyea sentimita 2.5, kichwa husimama ndani ya takriban sekunde 0.007, kikikabwa kwa nguvu ya kama mara 115 ya uzito wake. Pasipo povu, tuseme kinasimama ndani ya milimita 3 tu: nguvu hiyo inavuka mara 900. Kikomo cha kanuni ni 275. Fuvu limeshasimama, ubongo bado uko safarini.

Lakini povu hulipimi kwa kulibana polepole kwenye jiriwa. Koroga wanga wa mahindi na maji kidogo: kidole kikiingia taratibu kinazama, ukipiga ngumi unakuta ukuta. Vitu vingi hubadili tabia vikigongwa ghafla, na povu, lenye hewa iliyofungiwa ndani, nalo huwa gumu zaidi. Bertram Hopkinson wa Cambridge alionyesha mwaka 1914 namna ya kulisoma pigo la kufumba na kufumbua kwa kulipitisha kwenye fimbo ya chuma. Mwaka 1949 Herbert Kolsky akakiweka kipande kinachopimwa kati ya fimbo mbili. Wimbi la mshindo hukimbia ndani ya chuma kama kilomita 5 kwa sekunde, na vipimo vilivyobandikwa kwenye fimbo husoma kipande kimebonyea kiasi gani, kwa nguvu ipi.

Kofia ya fundi ujenzi, ambayo wengine huivaa kumridhisha trafiki, ilibuniwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu. Lami ni habari nyingine. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti wanaoweka kumbukumbu za majeraha ya ubongo wamekuta ajali za barabarani zikiongoza kama chanzo. Na mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyotolewa 2008 yalikadiria kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, ya kufa kwa 42.

Povu hilo hufanya kazi mara moja. Vijumba vyake vya hewa vikishapondwa havirudi, na mahali palepale pakigongwa tena hapana cha kubonyea. Ganda huweza kubaki linang'aa, stika ya Simba au Yanga ikiwa mahali pake, na kofia ikauzwa kwa mwenye pikipiki mpya.