Mgeni wa likizo akipata homa, mwambieni daktari alikotoka

Hakuna ndege ya kimataifa inayotua Bariadi. Hata hivyo, likizo za Juni, Agosti na Desemba zikifika, mabasi na magari madogo yanayotoka Mwanza hushusha stendi watu ambao juzi tu walikuwa Muscat, Nairobi, Guangzhou au London. Wanakuja kuwaona wazazi, kumalizia nyumba, kuoza mdogo wao au kuzika. Wengi huja na watoto, na baadhi ya watoto hao hawajawahi kulala ndani ya chandarua.

Safari za aina hii zimeongezeka. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa takriban milioni 1.53. Korona ilipoingia, idadi hiyo ikaporomoka hadi takriban 621,000 mwaka 2020. Kisha ikaanza kupanda tena: zaidi ya 922,000 mwaka 2021, milioni 1.45 mwaka 2022, milioni 1.8 mwaka 2023 na zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Ndani ya miaka minne wageni wameongezeka zaidi ya mara tatu, na wamepita idadi ya kabla ya korona kwa zaidi ya laki sita.

Msomaji akisikia namba hizo humfikiria mtalii mwenye kamera shingoni. Kweli, Simiyu nayo inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na geti la Ndabaka liko jirani na Lamadi. Lakini nyuma ya watalii wa mapumziko lipo kundi kubwa la wanaokuja kutembelea ndugu na jamaa. Mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa Marekani na kubeba pasipoti ya huko, pale uwanja wa ndege anahesabiwa mgeni. Akifika kwa bibi yake Dutwa au Nkololo ni mjukuu, na anaishi kama wajukuu wengine: anacheza nje mpaka giza liingie na kulala chumba kimoja na binamu zake.

Wapo pia wasiopanda ndege kabisa. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kuleta wageni Tanzania, na wengi wao hupita Sirari, Namanga au Holili. Mtu akitoka Kisumu alfajiri anaweza kufika Lamadi siku hiyohiyo, na kutoka hapo hadi Bariadi ni lami.

Mbu hawaangalii ukoo

Kosa linalojirudia katika familia hizi ni la imani zaidi kuliko la uzembe. Mzazi aliyekulia Bariadi, akaugua malaria utotoni mara nyingi na kupona, hurudi baada ya miaka minane akiamini mbu wa nyumbani hawamwezi. Anayeishi kwenye malaria na kuumwa na mbu mara kwa mara hujenga kinga ya kiasi, ambayo humpunguzia uwezekano wa kuugua vibaya. Kinga hiyo si ya kudumu. Akihamia nchi isiyo na malaria, inapungua kadiri muda unavyokwenda. Mtoto wake aliyezaliwa ughaibuni hana kinga hiyo hata kidogo. Damu ya Kisukuma haimsaidii. Kwa mbu na kwa vimelea vya malaria yuko sawa na mtoto wa mtalii.

Madaktari wa Ulaya wanaliona jambo hili kila mwaka. Uingereza peke yake iligundua wagonjwa wa malaria zaidi ya 2,000 mwaka 2023, wote wakiwa wameipata nje ya nchi hiyo. Wengi wa wagonjwa ambao sababu ya safari yao ilijulikana ni watu waliokwenda kuwaona ndugu na jamaa Afrika. Mtalii anayekwenda Serengeti kwa siku tano hupewa maelekezo, hununua dawa ya kinga na hulala kwenye hema lililofungwa zipu. Anayekwenda kwa mama yake haoni kama amesafiri kwenda kwenye hatari. Anakwenda nyumbani.

Tanzania imepiga hatua. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, maambukizi ya malaria yalishuka kutoka takriban asilimia 14 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Huo ni wastani wa nchi nzima. Baadhi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwamo Shinyanga, Mara na Kagera, ilikuwa juu ya wastani huo kwa mbali, na Simiyu inapakana na Shinyanga na Mara.

Mzazi anayepanga kuwaleta watoto aanzie kwa daktari wa huko aliko, wiki kadhaa kabla ya safari. Zipo dawa za kuzuia malaria kwa wasafiri, na kipimo chake hutegemea umri na uzito wa mtoto. Huanza kutumiwa kabla ya kufika na huendelea baada ya kurudi. Anayeziacha siku ya kupanda ndege anaacha kazi katikati. Dawa mseto iliyoko kabatini kwa bibi si dawa ya kinga. Ni tiba, na hutolewa baada ya kipimo kuonyesha malaria. Bibi mwenye mapenzi huona mjukuu amechemka akamkatia vidonge vilivyobaki kwa binamu yake, na hapo mambo mawili huharibika: dozi haikamiliki, na kama homa ilikuwa ya kitu kingine, siku mbili zimepotea.

Kwa upande wa mwenyeji, maandalizi ni chandarua chenye dawa juu ya kitanda atakacholala mgeni, hata kama wenyeji wameyazoea maisha bila hicho. Mtoto wa ughaibuni akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Asisubiri kesho kwa sababu ni Jumapili au kwa sababu anaonekana kachoka na safari. Malaria kali kwa mtoto asiye na kinga inaweza kumfikisha kwenye degedege, upungufu wa damu au kupoteza fahamu kwa muda mfupi.

Hatari haiishii uwanja wa ndege wa kuondokea. Dalili za malaria huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu aliyebeba vimelea, mara nyingi ndani ya wiki mbili, lakini zinaweza kuchelewa kwa miezi. Familia iliyoondoka Bariadi mwanzoni mwa Januari inafika Ulaya katikati ya msimu wa mafua. Mtoto akianza homa na kutapika, daktari wa huko ataona watoto kumi wa aina hiyo kabla ya saa sita mchana. Kitakachomtofautisha mtoto huyu ni sentensi moja ya mzazi wake: tulikuwa Tanzania, mkoani Simiyu, tumerudi tarehe fulani. Isemwe hata kama daktari hajauliza.

Sentensi hiyo inasaidia kwa mengine pia. Wilaya ya Busega ina pwani ya Ziwa Victoria, na kichocho kipo kwenye maji ya pembeni ambako watoto hupenda kuogelea. Dalili zinaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye: homa, vipele vinavyowasha, kikohozi, baadaye damu kwenye mkojo au kinyesi. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwamo, waligundulika kuwa na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o ambao madaktari wengi wa miji ya Ulaya hawajauona maishani. Bila kujua mgonjwa alikotoka, ni vigumu kuukisia.

Swali lisiwe la kumdhalilisha mgeni

Magonjwa husafiri pande zote mbili. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania, Machi 16, 2020, alikuwa Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji. Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto wa Lilongwe aliyepooza kwa virusi vya polio vya asili, na uchunguzi ukaonyesha virusi hivyo vinahusiana na vile vya jimbo la Sindh, Pakistani. Ndiyo sababu wahudumu walipita nyumba kwa nyumba mwaka ule wakiwapa matone watoto wa Tanzania, ambayo ilikuwa imethibitishwa kutokuwa na polio tangu 2015. Machi 2025 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wawili wa Mpox, mmoja akiwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani.

Kwa hiyo nesi wa zahanati akiuliza mgonjwa alisafiri wapi ndani ya wiki tatu zilizopita, anafanya kazi yake. Baadhi ya familia huficha kwa kuogopa mgeni wao ataonekana kaleta balaa. Kuficha huko humuumiza mgeni mwenyewe kwanza, kisha mhudumu anayemshika bila glavu. Mwenye wasiwasi kuhusu dalili za mgeni anaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Anayeondoka na anayebaki

Sasa upande wa pili wa barabara. Kutoka Simiyu wapo wanaokwenda kusoma, kufuata bidhaa China na Dubai, kuhiji, na wasichana na kina mama wanaokwenda kufanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayowachanganya wengi. Chanjo hiyo haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wa Tanzania, hivyo kadi ya kliniki iliyojaa mihuri haiwezi kuchukua nafasi yake. Hutolewa kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 11, 2016, sindano moja inatambulika kwa maisha yote. Anayeambiwa airudie kwa sababu miaka 10 imepita anadanganywa. Watoto wachanga chini ya miezi tisa kwa kawaida hawapewi, na mjamzito azungumze na daktari kwanza. Wanaouziwa kadi bila sindano wananunua karatasi. Mahujaji nao wanahitaji chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia huitaka ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili.

Mama anayekwenda Ghuba hupimwa afya mara kadhaa kabla ya kupewa viza: kifua kikuu, VVU, homa ya ini, ujauzito. Mwajiri anataka uhakika kwamba anayekuja ni mzima. Mtoto anayebaki hapimwi na yeyote, na hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili. Mtoto aliyeachwa na miezi minane bado hajapata chanjo ya surua na rubella ya miezi tisa, wala ile ya miezi 18, na zote mbili zitaangukia kipindi ambacho mama hayupo. Bibi anamlisha, anamlaza, anampenda. Lakini kadi ya kliniki imebaki ndani ya begi lililokwenda Muscat, au iko kwa shangazi wa Maswa ambako mama alilala usiku wa mwisho. Bibi asiye na kadi huona aibu kwenda kliniki, na mwezi unageuka mwaka.

Kadi ikipotea, mtoto haachi kuchanjwa. Apelekwe kituo alichozoea, ambako rekodi zinaweza kutafutwa, na dozi iliyochelewa hutolewa bila kuanza upya mfululizo mzima. Lakini ni rahisi zaidi kuipanga safari hiyo mapema. Kabla ya mama kupanda basi, ampeleke bibi kliniki akatambulishwe kwa nesi kama mlezi. Tarehe za dozi zinazofuata ziandikwe kwa maandishi makubwa ukutani, pamoja na mzio wowote alionao mtoto na jina la dawa iliyowahi kumsumbua. Kama ana bima, kadi yake ibaki kwa bibi. Kadi ya kliniki yenyewe ipigwe picha kurasa zote, picha ziende kwenye simu ya mama na ya baba au mjomba, ili bibi akipiga kutoka Ngulyati saa tano usiku kuuliza kama mtoto aliwahi kuchomwa sindano ile, mama aliyeko Muscat awe na la kumjibu.