Shavu la Mguu Safarini

Mama mmoja mstaafu wa mtaa wa Kikuyu, jirani na Chuo Kikuu cha St. John's hapa Dodoma, ameniuliza kama kwa umri wake anaweza kwenda peke yake Minnesota kumwona mjukuu. Ni SGR hadi Dar, ndege hadi Amsterdam, kisha ndege nyingine. Kila moja inapita saa nane angani. Mambo ya viza na bima nawaachia mawakala. Mimi nina neno na miguu yake.

Ukisimama bila kutikisika, presha kwenye vena za kifundo cha mguu hufika kama milimita 90 za zebaki. Tembea hatua chache, inashuka hadi karibu 30. Si kazi ya moyo hiyo. Ni shavu la mguu: msuli ukikaza unaikamua vena, damu inapanda, ukilegea, damu ingerudi chini lakini inazuiwa na vikinga vilivyomo ndani ya vena, vinavyofunguka kuelekea juu tu.

Wengi huviita vali. Mimi nasema vilango. Daktari Fabricius wa Padua, alipovieleza mwaka 1603, aliviita milango midogo kwa Kilatini chake. Sisi tuna ki- ya udogo bure kabisa, tunakopa ya nini?

Daktari William Harvey alionyesha mwaka 1628 namna ya kuviona, na hapa wazee wanawashinda vijana, maana vena zao zimejitokeza. Ning'iniza mkono mpaka vena zitune. Bana moja kwa kidole, kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwikoni hadi upite kinundu kinachoonekana kwenye vena. Kiachie kidole cha juu: damu haishuki kupita kinundu. Hicho ndicho kilango. Achia cha chini, vena inajaa papo hapo.

Sasa fikiria maji ya visima vya Mzakwe yanayosukumwa na pampu kuja mjini. Pampu ikizimwa, vizuizi vya bombani vinashikilia maji yasirudi kisimani, lakini mbele hayaendi. Maji yaliyosimama hutuama, na tope hukaa kwanza kwenye kona, pale nyuma ya kizuizi. Shavu la mguu lililolala saa nane ni pampu iliyozimwa, na bonge la damu huanza mara nyingi papo hapo, kwenye kifuko cha nyuma ya kilango. Likikatika, linakwenda mapafuni.

Kosa si la ndege. Mwaka 1940 daktari Keith Simpson aliandika juu ya Walondon waliokufa hivyo baada ya kukesha vitini kwenye mahandaki ya kujikinga na mabomu. Utafiti wa WHO wa 2007 ulikuta safari ya saa 4 au zaidi, hata ya basi au treni, inaongeza hatari kama mara mbili. Kwa mwenye afya ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Aliyewahi kuganda damu, mwenye saratani au aliyepasuliwa karibuni amwone daktari kwanza.

Anayesafiri peke yake hana wa kumwambia inuka. Anaona haya kusema “samahani mwanangu, nipishe”, anaacha hata kunywa maji ili asiende chooni. Basi mama aombe siti ya koridoni siku anapokata tiketi, na akiwa amekaa ainue visigino na kuvishusha mara kwa mara.

Nanyi wa basi la Mwanza msicheke. Likisimama Singida, shukeni.