Barabara Inayonguruma

Hadithi, hadithi! Nawasikia mkijibu: hadithi njoo! Leo hakuna sungura wala fisi. Kuna dereva, njia panda na mtoto anayekwenda shule.

Ukitoka Shinyalu kuja Isecheno, barabara inaingia kwenye Msitu wa Kakamega. Juu kima wanaruka tawi hadi tawi, chini ni kivuli. Njia ndogo inayochomoza kati ya miti, dereva mgeni haioni mpaka amekaribia mno. Na njiani humo huenda unatoka wewe na mkoba wako mgongoni, au mama na mzigo wa kuni, au bodaboda yenye abiria.

Tupige hesabu. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona, huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujakanyaga breki. Gari limeshasonga mita 33 bila kupunguza chochote. Mpaka lisimame, limekula mita 70 hivi, na hapo lami ni kavu. Lingekuwa linakwenda kilomita 50, lingetumia nusu yake tu.

Mbona hapunguzi mapema? Mwendo hulewesha, wanangu. Akishakimbia kwa muda mrefu, anahisi gari linatambaa. Bango lipo, lakini macho yamelizoea. Basi wahandisi wakaamua kuzungumza na masikio na mikono yake. Kabla ya njia panda hupanga matuta membamba, ya chini, moja baada ya jingine, yakikata barabara toka ukingo hadi ukingo. Tanzania huyaita rasta. Tuta kubwa humlazimisha dereva apunguze, haya humwamsha. Grrrrr! Usukani unatetemeka, abiria aliyesinzia anafumbua macho. Sharti yawe mbali kidogo na makutano, la sivyo dereva ataamka akiwa ameshafika.

Je, yanasaidia? Pale Suhum, Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, yalipowekwa ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Kwa kitu rahisi namna hii, sioni sababu ya kijiji chochote chenye lami kukikosa.

Ila hayawezi kila kitu. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lori la namna hiyo halizuiwi na vijituta, ndiyo maana vibanda vya soko havipaswi kusogelea lami. Na pikipiki nyingine hupenya pembeni, matuta yanapoishia.

Kwa hiyo ukisikia mngurumo, usivuke. Simama mbali na ukingo, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Na kama njia panda ya shule yenu ina lami lakini haina matuta, mwombeni mwalimu mkuu aiandikie KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, au serikali ya kaunti. Nanyi andikeni majina yenu chini ya barua hiyo.