Mgonjwa aliyeacha ARV anahitaji zaidi ya nasaha

Mtu anayeishi na VVU akiacha dawa, kliniki nyingi humpa nasaha: anaelezwa upya faida za ARV, anakumbushwa tarehe, pengine anakaripiwa. Nasaha hizo humchukulia kuwa hajui. Mara nyingi anajua vizuri sana, ila amelemewa na sonona, au anaogopa kuonwa na jirani kwenye foleni. Sonona humpokonya mtu nguvu ya kupanga na kutumaini, na dawa ya kila siku inadai yote mawili. Ndiyo maana naona mwanasaikolojia tiba anastahili nafasi katika kliniki hizi sawa na mfamasia.

Ushahidi upo. Huko Khayelitsha, kitongoji cha watu wa kipato cha chini mjini Cape Town, timu ya mwanasaikolojia Steven Safren ilifanya utafiti kwa watu 161 wenye sonona ambao virusi vyao vilikuwa havijafubazwa. Kundi moja liliongezewa vikao 8 vya tiba ya fikra na mwenendo, vikiongozwa na muuguzi. Vikao vya aina hii hushuka hadi kwenye mambo madogo: dawa itawekwa wapi nyumbani, itamezwa saa ngapi, nauli ya kliniki itatoka wapi, daktari ataulizwa nini. Ili watafiti wasitegemee maneno matupu, dawa ziliwekwa kwenye kikasha kinachotuma ishara kila kinapofunguliwa. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa waliohudhuria vikao walipata nafuu ya sonona na kumeza dawa kwa uthabiti zaidi kuliko wenzao.

Wapo wanaosema maskini anahitaji unga na nauli, mazungumzo hayamshibishi. Wana haki ya kusema hivyo, kwani umaskini huzaa sonona. Lakini sonona nayo humfunga mtu asiweze kuutafuta huo unga. Katika utafiti wa Harare ulioongozwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, uliochapishwa 2016, mgonjwa alitaja mwenyewe tatizo linalomsumbua, likapangiwa hatua. Walishiriki watu 573 kutoka kliniki 24, na zaidi ya theluthi moja waliishi na VVU. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliopata tiba, dhidi ya asilimia 50 ya wengine.

Pingamizi zito zaidi ni uhaba wa wataalamu. Lakini huko Harare, waliotoa tiba walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Hapo ndipo ninapoiona kazi hasa ya mwanasaikolojia: kuandaa mafunzo, kusikiliza vikao, kupokea wagonjwa wenye hali nzito na kupima kama tiba inafanya kazi. Kumtwisha muuguzi mzigo wa vikao bila kumpunguzia foleni wala kumpa msimamizi ni kumchosha yeye na kumnyima mgonjwa tiba ileile iliyothibitishwa.